Stempu Mbili za Chui

Sikuwa nimekunywa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki huanza kwa kuniuliza hivyo. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya Jumanne, katika chumba changu cha Bwaise, Kampala, na mtu niliyezungumza naye alikaa mbele yangu karibu kiasi kwamba ningeweza kumwekea mkono begani. Sikumwekea. Mara nyingi tangu siku ile nimejiuliza, kama ningenyoosha mkono, ningegusa nini?

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Si kwa kukosa akili, ila miguu yangu haikuweza kutulia chini ya dawati. Nimebeba mizigo Mombasa, nimechimba mitaro Jinja, nimepika chai kwenye kambi ya wajenzi wa barabara upande wa Arua. Mji ukinichosha nauhama. Lakini jambo moja halikuwahi kunihama: kutaka kujua. Nikiona maandishi, hata yaliyo kwenye mfuko wa saruji, lazima niyasome. Nikishindwa kuyasoma, sipati usingizi.

Nilirudi Kampala miaka ya sabini, wakati wa utawala wa jeshi. Sukari ilikuwa haipatikani, chumvi haipatikani, na sabuni ukiipata unaificha. Karatasi ndizo zilizojaa. Wenye maduka walikuwa wamefukuzwa, ofisi zimebaki na makabati wazi, na watu wengine walitoka nyumbani asubuhi wasirudi. Mambo hayo yote huacha karatasi nyuma yake. Nilizinunua kwa kilo, nikaziuza sokoni kwa akina mama wa njugu na mandazi wafungie bidhaa zao. Kama ulikula njugu Kampala miaka ile, yawezekana ulizila ndani ya barua ya mtu.

Stempu nilikutana nazo katika kazi hiyo. Siku moja, nyuma ya mabweni ya wanafunzi kule Wandegeya, niliokota bahasha yenye picha ya kinyago cha mnyama na maneno nisiyoyajua: Haute-Volta. Nikamsimamisha mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita na sahani yake.

“Samahani, ssebo,” nikamwambia, yaani bwana kwa Kiganda. “Hii ni nini?”

“Ni nchi hiyo. Ilikuwa ya Wafaransa.”

“Iko wapi?”

“Juu ya Ghana. Kwani unahamia?” Akacheka, akaenda zake kula.

Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani na nchi nzima mfukoni. Tangu hapo nikawa nachambua kila gunia. Dahomey. Sénégal. Madagascar. Côte des Somalis. Ukiniuliza kwa nini za Wafaransa na si za Mwingereza, nitakujibu kwamba za Mwingereza nilizielewa. Tena nyingine zilikuwa za nchi ambazo hazipo tena. Bendera imeshushwa, jina limefutwa kwenye ramani, lakini stempu bado ina muhuri wake wa posta, kama vile barua ingali njiani.

Kuna njia ya kuitoa stempu kwenye bahasha, na mimi niliijua baada ya kuharibu nyingi. Huivuti. Unakata ile pembe ya bahasha, unaiweka katika beseni la maji baridi, unasubiri. Gundi ikilainika, stempu inaachana na karatasi yenyewe na kuelea. Ukiwa na haraka, inachanika.

Mmoja wa walioniuzia karatasi alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini. Nitamwita Koplo tu, inatosha. Alikuja na magunia kutoka nyumba zilizopekuliwa na zilizobaki tupu, na mimi sikuuliza zilibakije tupu. Miaka ile swali moja lilitosha kumwingiza mtu kwenye buti ya gari. Siku moja alileta kitabu kikubwa kilichofungwa ndani ya shuka.

“Hii kitabu iko na picha kidogo-kidogo,” akasema. “Mimi hapana jua kazi yake. Wewe napenda takataka, chukua.”

Nilikifungua baada ya kuondoka kwake, nikalazimika kukaa chini. Ilikuwa albamu ya stempu, zote za makoloni ya Wafaransa, nchi baada ya nchi, kila moja imeshikizwa kwa kipande kidogo cha karatasi ya gundi. Chini yake kulikuwa na maelezo ya Kiswahili kwa mwandiko mzuri: inatoka wapi, ni ya wakati gani, nani aliyebadilishana naye kwa njia ya posta. Katika ukurasa wa Kongo ya Wafaransa kulikuwa na chui wawili pacha. Chui amejibanza kwenye majani, anatazama. Juu ya kila mmoja mchapaji amegonga maneno meusi, Oubangui-Chari-Tchad, nchi ilipobadilishwa jina. Kwa chui wa kwanza maneno yamekaa sawasawa. Kwa wa pili yamegongwa miguu juu, kichwa chini. Mchapaji alikosea, akageuza karatasi. Wakusanyaji stempu wanalipenda kosa la namna hiyo kuliko stempu iliyo kamili. Na mimi nililipenda. Nilimtazama chui yule kila siku kabla ya chai.

Basi ile Jumanne mvua ilinyesha tangu saa sita. Bwaise ikipata mvua ya saa tatu, barabara inakuwa mto. Maji yalifika kizingitini kwangu, mekundu, na masufuria ya majirani yanaelea. Nilikuwa nimeifungua albamu mezani. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amekwisha kuingia.

Alikuwa wa makamo, shati jeupe, suruali ya kiofisi, amelowa chapachapa. Nilidhani ni mtu aliyekimbia mvua. Akanisalimia kwa Kiswahili safi cha watu wa asili ya pwani, nikamkaribisha kigoda. Akakaa. Nikamwambia nina chai.

“Ahsante, bwana mdogo,” akasema. “Nimekunywa ya kutosha.”

Hapo ndipo nilipoitazama miguu yake. Hakuna anayetembea Bwaise siku ya mvua asifike na tope hadi magotini. Miguu ile ilikuwa pekupeku na haikuwa na tope hata chembe. Ilikuwa safi namna ambayo haipendezi, kama kitu kilichooshwa siku nyingi mfululizo. Na ncha za vidole vya mikono zilikuwa nyeupe, zimekunjamana. Unajua vidole vya mfua nguo mwisho wa siku? Hivyo, lakini zaidi.

Akaivuta albamu kwake. Hakuishika stempu kwa vidole. Alichukua kibanio changu cha kushikia stempu, akafunua kurasa kwa ncha yake, polepole, na usoni alionekana kama mtu anayepita mtaani kwao akihesabu nyumba. Nikasahau miguu. Nikaanza kuuliza! Nisamehe, ndivyo nilivyoumbwa. Oubangui ni nini? Ni mto, akasema. Na Chari? Mto pia. Kwa nini waliipa nchi majina ya mito? Kwa sababu walifika kwa mashua, hawakujua kingine. Ni nani aliyemtumia hii, ni nani aliyemtumia ile? Alijibu yote kwa upole, na mimi, kwa miaka mingi ya kuwauliza watu wanaonicheka, nilijihisi nimepata mwalimu.

Kisha akaweka kibanio chini.

“Albamu hii ni yangu,” akasema. “Sikuja kuidai. Ikae kwako. Nina haja moja tu.”

Jina lake lilikuwa Masudi. Mkewe na watoto wawili walikuwa wanaishi fleti za Bukoto, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Alitaka nimpelekee mkewe maneno haya: aondoke na watoto kabla ya Ijumaa, aende Kisumu kwa shemeji yake, kaka wa Masudi. Ijumaa watu watakuja kuchukua nyumba. Na asimsubiri yeye.

“Mbona usiende mwenyewe, bwana?”

“Nimekwenda mara nyingi,” akasema. “Hawanifungulii.”

Nikafikiri, huyu ni mtu anayejificha. Walikuwepo wengi.

“Siku hizi,” akaendelea, “mtu yeyote anaweza kubisha mlango na kusema ametumwa na mumeo. Wake za watu wamedanganywa hivyo, wakafuata, hawakuonekana tena. Kwa hiyo mimi na mke wangu tuna alama. Mtu asiye nayo, hata akilia machozi, asimsikilize.” Akagusa ukurasa kwa ncha ya kibanio, chini ya chui wa pili. “Mpe hii. Si ile. Hii.”

“Ya kichwa chini?”

“Hiyo. Yeye huiita mke mwenza.” Ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu. “Alisema naitazama zaidi kuliko ninavyomtazama yeye. Utaipeleka?”

“Nitaipeleka.”

“Apa.”

Nikaapa. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, mkono wangu ukiwa juu ya meza. Nikageuka kufunika albamu isirushiwe maji, na niliporudisha uso, kigoda kilikuwa kitupu, kinachuruzika. Nikakimbilia mlangoni. Nje maji yalikuwa yametulia kama maziwa katika bakuli, sufuria ya jirani haijatikisika. Mtu hawezi kupita kwenye maji bila kuyavuruga, sivyo? Nilisimama pale mpaka baridi ikaniingia. Kisha nikajiambia kwamba ametembea haraka tu. Mtu akiogopa, hata uongo mdogo hivyo anaushika kwa mikono miwili.

Jumatano asubuhi nilichukua kibanio nimbandue mke mwenza. Niamini, nilikusudia. Mkono ulifika juu ya ukurasa ukasimama. Niliwaza: Wandegeya nzima hakuna kitu kama hiki. Pengine Uganda nzima. Mimi, mtu wa darasa la sita, ninacho. Kikitoka leo sitakiona tena. Ndipo shetani wangu, ambaye ana sauti kama yangu, akaniambia: chui ni chui. Mwanamke wa jikoni atajua nini habari za maneno madogo ya Kifaransa? Ataona chui, ataona stempu, ataamini. Ujumbe ndio muhimu.

Nikambandua chui wa kwanza, yule wa sawasawa. Nikamweka ndani ya bahasha nikaenda Bukoto kwa miguu.

Alifungua mwanamke mrefu, kanga kichwani, mikono imejaa unga. Ndani msichana wa kama miaka tisa alikuwa anamsomea mdogo wake kitabu kwa sauti. Nikamwamkia.

“Marahaba,” akasema. “Nani mwenzangu?”

“Nimetumwa na Bwana Masudi.”

Hakupiga kelele. Hakuuliza yuko wapi, wala kama ni mzima. Alichungulia ngazi juu na chini, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Amekutuma na nini?”

Nikampa bahasha. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika stempu pembeni kabisa, kwa kucha, kama wanavyoishika wanaojua, akaipeleka kwenye mwanga. Nilipoona vile alivyoishika nilijua nimekosea. Kumbe vile vipande vya gundi vya albamu yote alivikata yeye, miaka na miaka, wamekaa pamoja mezani yeye na mumewe.

“Hii?” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Masudi mwenyewe, kwa mkono wake, amekupa hii?”

“Mwenyewe. Amesema mwondoke kabla ya Ijumaa. Mwende Kisumu kwa kaka yake, msimsubiri.”

Uso wake ulifungika. Akapaza sauti, ngazi nzima isikie: “Mwambie aliyekutuma kwamba hatuendi popote! Hatuna ugomvi na serikali. Tunamwombea Rais wetu dua kila sala.” Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo mpaka leo naisikia: “Kijana, mama yako yu hai?”

“Yu hai.”

“Basi kamuulize kama alikunyonyesha uje ufanye kazi hii.”

Akafunga mlango. Aliniona mpelelezi, mmoja wa wale ambao mumewe alimwonya juu yao. Na angenionaje vinginevyo? Alama ilikuwa karibu sana na kweli, na huo ndio mtindo wa wapelelezi. Ningebisha tena niseme kuna nyingine nimeificha nyumbani kwa kuipenda. Ningeomba msamaha. Sikubisha. Mlango wa pili mwanamke mnene, mke wa polisi, alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.

“Kijana, umepotea?” akaniuliza. “Ngazi iko pale.”

Nikashuka.

Alhamisi sikutoka. Nilijiambia amekataa mwenyewe, mimi nimefikisha. Jioni nilifungua albamu. Ukurasa wa chui ulikuwa umelowa, huo peke yake, kurasa za mbele na za nyuma yake kavu. Dari yangu haikuvuja. Nilipanda juu ya meza kuikagua kwa mkono. Yule chui wa kichwa chini alikuwa ameachana na karatasi, amelala katikati ya ukurasa. Hakuna aliyemvuta. Unaelewa ninachokuambia? Nilielewa hata mimi. Lakini giza lilikuwa linaingia, vizuizi vya wanajeshi vimewekwa barabarani, na nikasema, kesho. Kesho asubuhi na mapema.

Ijumaa nilikuwa navaa viatu, stempu iko kwenye mfuko wa shati, Koplo alipoingia na gunia.

“Leo iko vitabu ya watoto,” akasema, akalimwaga sakafuni.

Madaftari ya shule. La juu kabisa liliandikwa Safia binti Masudi, mwandiko wa mtoto anayejitahidi kukaa juu ya mstari. Kwa mara ya kwanza katika biashara yetu nikamuuliza swali.

“Hizi zimetoka wapi, Koplo?”

“Bukoto. Nyumba ile ile ya kitabu ya picha.”

“Na wenyewe?”

“Bibi wamechukua leo alfajiri.”

“Na bwana?”

Alinitazama sana. Nilidhani nimekwisha. Kisha akakaa kwenye kigoda kile kile, akawasha sigara.

“Yule wa barua ya Kifaransa? Walisema mpelelezi, barua mingi ya nje. Yule alikwisha zamani, mwezi ya Ramadhani. Mimi ndiyo naendesha lori mpaka mtoni.” Akavuta moshi. “Mikono imefungwa, yeye hapana omba maisha. Ananiambia, ‘Afande, kile kitabu changu usikichome.’ Basi mimi hapana choma. Mimi naleta kwako.”

Mwezi wa Ramadhani. Na Jumanne ile ya mvua ilikuwa miezi mitatu baada ya Idi. Nilimwacha Koplo chumbani na karatasi zangu zote, nikakimbia kutoka Bwaise hadi Bukoto, na sikumbuki njia.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani mwanamke nisiyemjua alikuwa anafagia. Nikabisha kwa mke wa polisi, Mama Okello. Alifungua kidogo.

“Wewe tena! Unataka nini?”

“Watoto wa Mama Safia.”

“Watoto gani? Hapa iko watoto yangu tu. Hesabu ukitaka: Okello, Akello, Rose, na hawa mapacha. Toka!”

Watoto watano walikuwa wanakunywa uji sakafuni. Aliyeitwa Rose alikuwa na kichwa kilichonyolewa asubuhi ile, kijidamu sikioni, na msalaba shingoni. Alinitazama bila kupepesa. Nilitoa stempu mfukoni nikaiweka kwenye kiganja nikaipitisha mlangoni.

Msichana aliacha uji. Alikuja akaishika pembeni, kwa kucha, kama mama yake. Akaigeuza, akasoma yale maneno yaliyopinduka.

“Hii ndiyo mke mwenza,” akasema. Kisha akamshika mkono mmoja wa wale mapacha, mdogo wake, akaniuliza, “Baba amesema twende wapi?”

Mama Okello aliketi chini pale pale mlangoni, akaficha uso kwenye aproni. Baadaye alinieleza. Waliposikia gari alfajiri, Mama Safia aliwapitisha watoto kwenye dirisha la jikoni, mmoja mmoja. Alikuwa na nafasi ya kusema mambo machache. Moja lilikuwa hili: “Yule kijana alisema kweli kuhusu Ijumaa. Lakini alama haikuwa yenyewe. Ningemwaminije?”

Jumapili, mume wa Mama Okello alivaa sare yake akakaa nasi kwenye basi mpaka Busia, mpakani. Kila kizuizi walipomuuliza hawa ni nani, alisema, “Watoto wa dada yangu, na huyu mjinga ni mfanyakazi.” Alikuwa akihatarisha shingo yake, na sikuwahi kumsikia akijisifu. Mimi nikawavusha, nikawafikisha Kisumu kwa baba yao mkubwa. Mama yao hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani. Utawala ulipoanguka, magereza yalifunguliwa, nikaenda kutazama kila aliyetoka. Nilikwenda siku nyingi.

Kwa miaka mingi familia ile ilinipokea kama mtu mwema. Kila nilipopita Kisumu nilichinjiwa kuku. Safia akawa mwalimu, akaolewa, akawafundisha watoto wake kuniita babu. Nami nilikula, nikaitikia jina hilo. Siku moja akanimiminia chai, akasema, “Mzee, jambo moja sijalielewa. Ile siku ya kwanza ulipokuja, mama alikufukuza kwa nini?”

Ningeweza kudanganya. Hakuna aliye hai angenisuta. Lakini nilimwambia yote, tangu kibanio hadi mfuko wa shati. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.

“Kwa hiyo mama aliiona ile nyingine,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na hii ulikuwa nayo nyumbani.”

“Ndiyo, mwanangu.”

Hakunitukana. Alikwenda akanifungulia mlango. “Usije tena hapa,” akasema. “Ukiwa na neno, andika.”

Sasa sikiliza kilichobaki, maana hiki ndicho kinachonifanya nikusimulie kwa mdomo. Tangu siku hiyo nimemwandikia Safia barua za kumwomba radhi, nyingi. Hakuna hata moja iliyofika. Gundi haishiki chini ya mkono wangu. Nikibandika stempu, inakaa muda wa pumzi tatu, kisha inainuka pembe moja, nyingine, inaachana na bahasha na kudondoka, imelowa upande wa nyuma. Nimetumia gundi ya mti, gundi ya fundi viatu, uji wa muhogo. Nimemwomba karani wa posta abandike yeye kwa ulimi wake mwenyewe. Aliibandika, akaipiga muhuri mbele yangu, na baada ya wiki mbili barua ilirudi kwangu na pembe tupu yenye unyevu. Karani yule alinitazama vibaya, akaniomba nitafute posta nyingine. Nimebadilisha posta mara tano, katika nchi tatu. Kurudi Kisumu kwa miguu yangu siwezi. Nilikwisha kumkosea mama yake kwa kutofuata maneno kama yalivyosemwa. Sitamkosea yeye kwa njia hiyo hiyo.

Huniamini? Kaa hapo ulipo, niletee bahasha na stempu, uone mwenyewe. Wengi wameona.

Na kama unaniamini, basi chukua na neno hili. Ukitumwa, peleka kama ulivyotumwa: neno lile lile, alama ile ile, mapema uwezavyo. Usiupime ujumbe wa mtu kwa mizani ya moyo wako. Moyo ukianza kukuambia kwamba kinachofanana kitatosha, ujue umesimama mlangoni pa watu ambao maisha yao yote yanangoja kukuona umeshika nini mkononi.